Redio ya boti: iacheni simu ipumzike!

Leo nina ugomvi na wauza redio.

Mwenye boti akienda Homa Bay au Mbita kutafuta redio ya kuchukua nafasi ya ile ya kaseti, anaambiwa: "Chukua ya Bluetooth tupu, muziki wote uko kwenye simu." Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nasema huo ni ushauri mbovu.

Kwanza, simu ndani ya boti ni ya kuomba msaada. Ziwa Victoria likichafuka, chaji iliyoliwa na muziki hairudi. Pili, mbali na ufuko mtandao unaweza kupotea. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, hukuruhusu kupakua nyimbo ukilipia, lakini usipoingia mtandaoni kwa siku 30, zinafungwa. Huo ni muziki wa kukodi!

Nunueni redio isiyoingia maji, yenye tundu la USB, inayotumia betri ya volti 12. Flashi ya GB 32 hubeba zaidi ya saa 500 za MP3 za kbps 128. Iwe FAT32, maana redio nyingi za bei nafuu hazisomi aina nyingine.

Na zile kaseti za benga msitupe. D.O. Misiani alifariki mwaka 2006, na utepe unachakaa. Unganisheni redio kaseti na kompyuta kwa waya, mrekodi kwa Audacity, programu ya bure.

Bluetooth ikiwemo, sawa, iwe nyongeza. Anayebisha alete hoja, si tangazo la duka.