KABILA LAKO NANI, BWANA?



Kila tuombapo kazi twaulizwa kabila kabla ya ufundi. Sisi wa Kaaleng twajibu: Turkana. Lakini wazee wetu husema tulitoka kwa Wajie, ambao leo wako Uganda. Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia, lugha yetu ni karibu moja. Nani basi aliyetukata vipande vinne? Si damu, ni mpaka wa Serikali. Hata tukishuka Kitale, twasema twaenda Kenya!

Tangu 1920 hivi mkoloni alitufunga kipande shingoni, na kabila limeandikwa ndani. Kipande kilikwisha, swali likabaki. Watazameni Wamakonde, wavunja jasho wa Pwani miaka mingi: mpaka 2016 walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, ndipo 2017 wakaitwa kabila la 43. Twafurahi pamoja nao. Lakini jasho lao la zamani lilikuwa la nchi gani?

Wengine watasema tunadharau mababu. La! Ukoo tutawafundisha watoto nyumbani. Fomu ya kazi iulize ufundi na miaka ya utumishi, basi. Mwenye fomu iulizayo kabila ailete kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano.