Kilima cha Jirani Kikinyamaza

Ndugu msomaji, wengi wetu theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali, kileleni mwa Kilimanjaro. Lakini katika nchi za baridi watoto huizoea kama watoto wa pwani wanavyoizoea bahari, na mchezo wao mkubwa ni skii: mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, akasimama juu ya kilima, kisha akateleza hadi chini. Leo napenda tuzungumze juu ya vilima vya mchezo huo vilivyoachwa, na juu ya watu wanaotumia siku zao za mapumziko kuvitafuta. Usiharakishe kusema kwamba hayo hayatuhusu. Fuatana nami hadi mwisho.

Shida ya skii si kushuka, bali ni kupanda. Zamani aliyetaka raha ya kitambo kidogo alilazimika kwanza kuupanda mlima kwa miguu, mbao zake begani. Januari 1934, katika mji mdogo wa Woodstock, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, ilifungwa kamba ndefu kwenye kilima cha malisho cha mkulima mmoja. Kamba hiyo iliungwa ncha kwa ncha, ikazungushwa na injini ya gari la Ford Model T. Mtu aliishika kwa mikono miwili, nayo ikamvuta hadi juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine ya kwanza ya namna hiyo nchini Marekani.

Habari hiyo ilienea upesi, kwa kuwa haikuhitaji tajiri. Palipokuwa na kilima, injini kuukuu, magurudumu machache ya kupitishia kamba na kibanda cha kuotea moto, palikuwa na kiwanja. Wakulima walivianzisha, na shule, vilabu na halmashauri za miji midogo zikafanya vivyo hivyo. Mtoto wa mfanyakazi alitoka darasani, akavuka barabara, akacheza hadi jua kuzama.

Viwanja hivyo sasa viko wapi? Mwaka 1998 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Jeremy Davis alianza kuviorodhesha vile vilivyokufa katika majimbo sita ya pembe hiyo ya Marekani, yanayoitwa kwa pamoja New England. Orodha imekwisha kupita viwanja 600.

Wanaovitafuta huanza na ramani kuukuu, picha zilizopigwa kutoka angani na kumbukumbu za wazee. Wengi huenda msituni majani yakishapukutika na theluji haijaanguka, maana hapo ndipo ardhi inapoonekana vizuri. Ishara ya kwanza ni miti: katikati ya msitu mkongwe huonekana mchirizi ulionyooka wa miti michanga, nayo ndiyo njia waliyotelezea watoto wa jana. Ukiufuata mchirizi huo hadi juu, pengine utakuta rimu ya gurudumu la gari ingali imepigiliwa kwenye mti, kipande cha waya, au injini iliyoliwa na kutu. Mtafutaji mwenye adabu humwomba ruhusa mwenye ardhi kwanza, hutazama anapokanyaga, wala haondoki na kitu.

Usidhani kwamba vilima hivyo vilikufa kwa sababu watoto waliuchoka mchezo. La hasha! Vilikufa kwa gharama. Barabara kuu mpya ziliwawezesha wenye magari kwenda kwenye milima mikubwa yenye viti vya kuning'inia vinavyokwenda kwa umeme. Milima hiyo ilinunua mitambo ya kutengeneza theluji, inayohitaji mabomba, pampu na maji mengi, na ambayo mkulima hakuweza kuinunua. Mwaka 1973 ukaja uhaba wa mafuta. Mwaka 1978 mahakama ya juu kabisa ya Vermont ilithibitisha fidia ya dola milioni 1.5 kwa kijana aliyeanguka katika kiwanja kimoja kikubwa akapooza. Haki ilikuwa yake, wala hatumlaumu. Lakini malipo ya bima yalipopanda, mkubwa aliyamudu na mdogo akafunga. Kisha majira ya baridi ya 1979-80 yakaja na theluji haba mno, na wengi waliokuwa wakijikongoja wakaanguka.

Hasara yake ni nini? Sikiliza habari ya familia moja. Mwaka 1961, huko Richmond, Vermont, Mickey na Ginny Cochran walifunga kamba kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba yao, ili watoto wao wanne wafanye mazoezi baada ya masomo. Wote wanne waliingia timu ya taifa, na binti yao Barbara Ann alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Sapporo, Japani, mwaka 1972. Mjukuu wao, Ryan Cochran-Siegle, akapata ya fedha huko Beijing mwaka 2022. Kilima hicho kingali hai, kwa kuwa mwaka 1998 kilifanywa shirika lisilotafuta faida. Sasa jiulize, katika vilima 600 vilivyonyamaza, ni watoto wangapi hawakuijua kabisa nguvu ya miguu yao?

Wako pia waliokataa kuzika. Juu ya mlima Ascutney, penye mji mdogo wa West Windsor, palikuwa na kiwanja kikubwa cha biashara kilichofilisika zaidi ya mara moja, hata kikafungwa mwaka 2010 na mitambo yake ikauzwa. Wakazi hawakukaa wakingojea tajiri mwingine. Mwaka 2015 mji wenyewe, ukisaidiwa na shirika la kuhifadhi ardhi, ulinunua zaidi ya ekari 450 za mlima huo ziwe mali ya wote. Watu wa kujitolea wakafyeka njia na kufunga kamba upya. Si kiwanja kikubwa kama cha zamani; mashine hufikia sehemu ya chini tu ya mlima, na theluji isipoanguka kazi husimama. Hata hivyo, watoto wamerudi.

Hapo ndipo ninapoliona fundisho letu, ndugu msomaji. Mzigo ule ule uliomshinda mwenye mali mmoja mmoja, na hata kampuni, umebebwa na majirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi hatuna theluji ya kutelezea, lakini tuna viwanja vya mitaani ambako wanetu hucheza mpira wa matambara na rede. Jioni ya leo toka na mwanao, mfike kwenye kiwanja kilicho jirani nanyi. Ulizeni ni mali ya nani, nani anakifyeka, na siku gharama zikija, ni nani atakayesimama kukitetea. Kiwanja kisicho na jibu la maswali hayo kimekwisha kuanza kuota miti.