Darasa likiitikia “ndiyooo”, nani ameelewa?

UBAO NA CHAKI
Na Neema Mbwambo

Mwalimu anamaliza kueleza sehemu za ua, anageuka kutoka ubaoni na kuuliza: “Tumeelewana?” Watoto themanini na ushee wanaitikia, “Ndiyooo, mwalimu!” Kipindi kimekwisha. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mwitikio huo, na wengi waliwahi kuupaza wakiwa hawajaambulia kitu.

Ajabu ni kwamba mwalimu huyo alizisoma nadharia za kujifunza chuoni, akafanyiwa mtihani, akafaulu. Hatua nne za Piaget anazitaja bila kusita, na mbwa wa Pavlov pia anamkumbuka. Lakini alifundishwa hayo yote kwa mihadhara, akayakariri kwa ajili ya mtihani, na alipoajiriwa yakabaki kwenye madaftari ya chuo. Anachoingia nacho darasani ni maneno mawili, “mbinu shirikishi”, maana ndiyo mthibiti ubora anayoyatafuta kwenye andalio la somo.

Basi madawati yanageuzwa, watoto wanakaa kumi kumi. Mwenye mwandiko mzuri anaandika, wawili wanabishana, waliobaki wanachorachora. Utaambiwa hayo ni mafundisho ya Vygotsky. Siyo. Mwanasaikolojia huyo wa Urusi ya Kisovieti, aliyefariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37, alisema mtoto hupiga hatua akisaidiwa na anayemzidi, katika jambo ambalo peke yake bado halimudu. Watoto kumi ambao hakuna hata mmoja anayejua chavua ni nini, nani amvute mwenzake?

Mwaka 1953, B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda kutazama kipindi cha hesabu katika darasa la binti yake. Waliomaliza mapema walikaa bure, walioshindwa walihangaika, na wote ilibidi wasubiri karatasi zisahihishwe ndipo wajue nani kapata, nani kakosa. Skinner akaenda kuunda mashine ya kufundishia: mtoto anajibu, na palepale anaona kama amepatia. Mashine zenyewe zimesahaulika, ila kasoro aliyoiona siku ile ipo kwenye kila rundo la madaftari linalosubiri kusahihishwa katika ofisi za walimu wetu.

Kuna utafiti mwingine, wa Marekani pia, unaostahili kubandikwa ofisini humo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne. Jingine liliisoma kwa kipindi kimoja, kisha mara tatu likajaribu kuandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, wasomaji waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Wasomaji walibaki na asilimia 40, waliojipima 61.

Zile dakika tano ndizo za “ndiyooo”. Mtoto hadanganyi; mchoro wa ua bado uko ubaoni na sauti ya mwalimu bado iko masikioni. Wiki ijayo ndiyo yenye kesi.

Dawa yake haihitaji projekta, wala semina yenye posho. Kipindi kinaanza madaftari yakiwa yamefungwa. Swali moja la wiki iliyopita liko ubaoni, kila mtoto anaandika jibu lake kwenye kipande cha karatasi, kimya, dakika tatu. Mwalimu anaandika jibu sahihi, kila mmoja anajisahihisha, naye anapita kati ya madawati akichungulia. Hakusanyi daftari hata moja. Nusu ya darasa wakikosa, somo jipya lisubiri. Hilo linawezekana hata pale ambapo mwongozo wa watoto 45 kwa mwalimu mmoja umebaki kwenye makaratasi.

Wapo watakaosema huku ni kurudi kwenye kukariri. Inategemea swali. “Taja sehemu nne za ua” ni kukariri. “Kwa nini mhindi uliojiotea peke yake uani huzaa gunzi lenye mapengo?” humlazimu mtoto kuifuata chavua inavyopeperushwa na upepo.

Kizingiti kikubwa ni fimbo. Mtoto anayechapwa kwa kukosa jibu atajificha ndani ya kiitikio cha darasa, na kwa akili yake ana haki. Skinner mwenyewe, pamoja na sifa yake ya kufundisha njiwa kwa tuzo ya punje, alipinga adhabu. Na kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko hazimpi mwalimu ruhusa ya kumchapa mtoto kwa kukosa jibu: zinataka mkuu wa shule achape mwenyewe au aidhinishe kwa maandishi, viboko visizidi vinne, adhabu iandikwe kitabuni, na kosa liwe zito la utovu wa nidhamu. Kushindwa kutaja stameni hakumo.