Maji ya Barafu Hubebwa na Nani?



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, ndugu zetu kumi na wawili wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi Septemba walikutana katika ukumbi wetu, ule ule ambao paa lake bovu ndilo sababu ya safari yenyewe. Suala la maji lilitengewa dakika tano. Lilichukua saa moja na nusu, na tuliachana bila kukubaliana. Naandika juma hili kwa sababu wengi wenu mnaichangia safari hiyo, na mnayo haki ya kujua tulibishania nini. Nakiri mapema kwamba mimi ninao upande wangu katika ubishi huo, wala sitajifanya mwamuzi.

Kwa wale ambao mlima wanauona kwa mbali tu, niseme jinsi njia ilivyo. Tumechagua njia ya Machame. Siku za mwanzo maji si shida kubwa: wapishi huteka katika vijito vilivyo karibu na kambi, ijapokuwa pengine kwa mwendo kidogo. Hali hiyo huendelea hadi bonde la Karanga, kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi. Kijito cha Karanga ndicho cha mwisho. Toka hapo unapanda hadi kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, na jina hilo lisimdanganye mtu. Kambi ya Barafu ni mgongo wa mawe na vumbi. Haina mto, haina chemchemi, haina bomba. Kutoka pale mtu huondoka usiku wa manane kwenda kileleni, mita 5,895, hurudi Barafu mchana, kisha huteremka mbali upande wa Mweka ndipo aonane na maji tena.

Kwa hiyo chai ya jioni, supu, maji ya kujaza chupa za kileleni na uji wa wanaorejea wakiwa hoi, vyote hutoka Karanga katika madumu na ndoo, vikiwa vimebebwa na binadamu. Aghalabu binadamu huyo ameshafikisha Barafu mzigo wake wa kawaida, hema au chakula, ndipo akateremka tena zaidi ya mita 600 kufuata maji.

Pendekezo la baadhi ya wajumbe lilikuwa hili: kwa kuwa sisi ni wenyeji wala si watalii wa kudekezwa, tupunguze wapagazi sita ili fedha zaidi ziende kwenye paa. Nia yao ni njema. Nami nilikaa nao, tukachukua karatasi, tukahesabu.

Tulikadiria lita sita kwa kila mpandaji kwa kipindi chote cha Barafu, yaani kunywa na kupika. Watu kumi na wawili, lita 72. Mwenye hoja akatabasamu: mizigo minne tu ya kilo 20, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Nikamwuliza kama amewahesabu wapagazi wenyewe, pamoja na wapishi na viongozi wa msafara. Hakuwa amewahesabu. Kampuni imetupangia wafanyakazi 36. Ukiwapa lita nne nne tu, ni lita 144, maradufu ya zile zetu. Jumla ni lita 216, karibu mizigo kumi na mmoja. Ndugu msomaji, sidhani kwamba mjumbe yule ni mtu mbaya. Nadhani alifanya tunalofanya wengi: alipanga maji ya msafara huku akimwona mbebaji kama chombo cha kuletea maji, si mtu mwenye kiu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa getini siku ya kwanza. Kanuni hiyo ni njema sana. Hata hivyo, mzani wa siku ya kwanza hauwezi kupima maji ya Karanga, kwa sababu siku hiyo bado yanatiririka bondeni. Ukipunguza wapagazi sita, mizigo yao utaigawa na mzani wa getini unaweza usilalamike; lakini zile safari za dumu zitabaki pale pale, zikifanywa na miguu michache zaidi.

Wala haiwezekani kubana maji yenyewe. Hewa ya kule juu ni kavu, mtu anahema kwa nguvu, na kila pumzi huondoka na unyevu wa mwili. Anayekunywa kidogo huumwa kichwa, na kuumwa kichwa ndiyo pia dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko, hata kiongozi akashindwa kujua amteremshe au ampe maji. (Maji hayauponyi ugonjwa wa mwinuko, dawa yake ni kushuka. Nalisema hili kwa sababu mmoja wetu aliamini kinyume.) Hali kadhalika, Barafu maji huchemka yakiwa na nyuzi 85 hivi badala ya 100, hivyo chakula hukawia jikoni na gesi huisha haraka. Na gesi nayo imebebwa na mtu.

Sasa niseme la kwangu. Nilipanda mlima huu mwaka 2011, nikiwa padre kijana, pamoja na wageni waliogharimia safari. Tulipofika Barafu niliwekewa mlangoni mwa hema beseni la maji ya uvuguvugu. Nilinawa uso, nikanawa miguu, tena taratibu kwa raha, nikayamwaga juu ya mawe. Baada ya nusu saa hivi nikamwona kijana akitokea upande wa Karanga na dumu kichwani, midomo imepasuka. Nikamsalimu kwa uchangamfu: pole na kazi. Akaitika, akalitua dumu, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo Padre, yale maji ya beseni yamebaki?" Alitaka kunawa mikono kabla ya kula. Nikamwonyesha mawe, ambayo yalikwisha kukauka.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23, Daudi anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wanapenya kambi ya Wafilisti ili kumletea. Anapoyapokea, anakataa kuyanywa na kuyamimina mbele ya Bwana, kwa kuwa ndani ya maji yale ameona uhai wa waliyoyaendea. Mimi niliyamwaga yangu bila kuona kitu.

Dada mmoja mfanyabiashara, ambaye maneno yake huwa sipuuzi, alinipinga vikali pale ukumbini. Alisema: "Padre, ukiwaambia wapandaji wajibebee maji, unamnyang'anya mpagazi mkate wake. Anataka mzigo, huruma yako haimlipii ada ya mtoto." Ni kweli tupu. Yeyote anayetaka kuupunguza mzigo kwa kumpunguza mtu, huyo hajamsaidia mtu. Ndiyo maana nasema idadi ya wapagazi ibaki ile iliyopangwa, malipo yao yabaki, na safari ya maji ya Barafu iandikwe katika bajeti kama kazi ya pekee inayolipwa pekee, wala isiachwe izame ndani ya neno "huduma". Tukitaka kubana matumizi, tuache meza na viti vya kukunja. Mabeseni nayo tuyaache. Hakuna aliyekufa kwa kulala na vumbi usiku mmoja.

Aidha, nimependekeza kwamba kila mpandaji ajibebee lita zake nne toka Karanga hadi Barafu. Ni kilo 48 kwa watu wote kumi na wawili, zaidi ya mizigo miwili ya dumu. Wapo waliosema kilo nne katika mwinuko ule zitawaangusha. Yawezekana. Basi na tujue mapema ni nani hawezi, ili apangiwe mbebaji wake kwa jina na kwa malipo.

Kamati itakutana tena Dominika hii baada ya Misa ya pili. Nimeomba kila mpandaji aje na chupa za lita nne, tuzijaze katika bomba lililo nyuma ya sakristia, tuzifunge mgongoni, na tukizunguke kilima cha makaburini mara mbili kabla ya kupiga kura. Nami nitakuwa na zangu.