Mbwa wa Bosi Chini ya Meza

Katika makao makuu ya Amazon mjini Seattle, Marekani, mbwa huingia kazini pamoja na wenyewe. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1990, kampuni ikiwa bado changa, pale wafanyakazi wawili, mume na mke, walipozoea kuja na mbwa wao aina ya corgi aitwaye Rufus. Rufus alipendwa hata jengo moja likapewa jina lake. Leo mbwa waliosajiliwa na kampuni hiyo ni maelfu, na wako waajiri wengine walioiga. Tangu UVIKO-19 uwafungie watu majumbani mwaka 2020, wengi wakachukua mbwa na paka wa kuwaliwaza, madai yamezidi: ukitaka nirudi ofisini, niruhusu nije na mwenzangu.

Wanaodai hivyo wana ushahidi wa kuonyesha. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, wakiongozwa na Randolph Barker, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Greensboro, North Carolina, katika kampuni ya Replacements inayouza sahani, vikombe na vyombo vingine vya mezani. Mbwa walikuwa wakiruhusiwa humo. Wafanyakazi wapatao 75 walifuatiliwa kwa wiki moja. Waliokuja na mbwa walisema msongo wao ulipungua kadiri siku ilivyosonga. Waliowaacha mbwa nyumbani, na wasiofuga kabisa, walisema wao uliongezeka. Hata hivyo, ilipopimwa homoni ya msongo katika mate yao, makundi hayakutofautiana.

Siukatai utafiti huo. Nasema tu kwamba kuna mtu ambaye hakuweza kuonekana ndani yake. Mahali palipozoea mbwa hujichujia watu wake: anayewaogopa haombi kazi pale, au huomba kisha akaondoka mapema. Siku watafiti walipofika hakuwepo wa kuulizwa. Huyo asiyekuwepo ndiye ninayetaka tumfikirie, maana kwetu Afrika Mashariki ni wengi.

Mtoto aliyekulia Tanga au Kilifi hamjui mbwa kama kipenzi cha kulala kitandani. Anamjua wa kulinda, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, na ameonywa tangu utotoni asimkaribie. Onyo hilo lina msingi. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno. Kumwambia mtu huyo "usiogope, huyu hang'ati" hakumsaidii. Atakaa kitini miguu ameikunja, na kazi haitamwendea.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi mwambaoni, kuna zaidi ya woga. Mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Fikiria kijana wa Mombasa aliyepata kazi ya uhasibu Toronto. Adhuhuri imeingia, ametia udhu, anaelekea chumba kidogo cha mikutano mswala ukiwa mkononi. Mbwa wa mwenzake anamfuata na kumnusa mguuni. Pua imelowa, na suruali nayo imelowa. Mbwa hana kosa lolote. Lakini suruali ile haimfai kwa swala mpaka isafishwe, na udongo wa kusafishia ghorofa ya kumi ataupata wapi? Hili si suala la kuchukia wanyama. Uislamu huohuo unaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo.

Paka hana tatizo hilo la najisi, ila ana la mzio. Kinachowadhuru watu kiko katika mate na ngozi yake. Hukauka, kikapeperuka hewani na kushika nguo na mazulia. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua katika chumba ambacho paka ameshatoka.

Kubwa kuliko yote hayo ni cheo. Anayekuja na mbwa mara nyingi ni mwenye ofisi yake au mwenye sauti. Anayetakiwa kusema "mimi siwezi" ni karani mwenye mkataba wa miezi sita, au dada wa mapokezi anayejua bosi anampenda mbwa wake kama mwanawe. Nani atathubutu? Atacheka na kumsifu mbwa, kisha ameze dawa ya mafua chooni. Na mkojo ukimwagika kwenye zulia, anayeitwa si mwenye mbwa, ni mfagizi. Hata huko Amazon ruhusa ni ya watu wa maofisini. Wanaobeba mizigo kwenye maghala hawaji na mbwa wao.

Mbwa wa kumwongoza asiyeona ni suala jingine kabisa, na hapo sina mjadala. David Blunkett aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1987 akiongozwa na mbwa wake Teddy, baadaye akawa waziri wa elimu na wa mambo ya ndani, daima akiwa na mbwa pembeni. Kumzuia mbwa huyo ni kumzuia mtu. Mwenye mzio ahamishiwe chumba kingine, ratiba zipangwe upya, lakini mlango ubaki wazi.

Paka wa dukani naye simgusi. Ingia duka la nafaka katika masoko yetu ya zamani utamkuta amelala juu ya gunia la mchele, jicho moja limefumbuliwa. Yuko kazini: panya wanamjua, na mteja anamwona kabla hajavuka kizingiti, akitaka ataenda duka la pili. Mfanyakazi wa ofisini hana duka la pili.

Meneja anayefikiria kutoa ruhusa ya wanyama, namwomba atangulize jambo moja. Agawe karatasi zisizo na majina kwa kila anayefanya kazi katika jengo lile, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi na mlinzi wa zamu ya usiku, aulize nani hawezi kukaa na mnyama. Likitoka jibu moja tu la "siwezi", ruhusa isitolewe, wala asitafutwe aliyeliandika.