MAMBO YA NYUMBANI: Kutunza Ufito wa Kuvulia Ziwa Likifungwa

Kila mwaka Serikali ya Rwanda husimamisha uvuvi katika Ziwa Kivu kwa muda wa miezi miwili hivi, aghalabu kati ya Agosti na Oktoba, ili samaki wapate kuzaana. Wavuvi wa sambaza hukunja nyavu zao na kuzima taa zao. Naye askari apendaye kuvua siku ya mapumziko hurudi nyumbani kwake Sonatubes, akauegemeza ufito nyuma ya mlango na kuusahau. Hapo ndipo hasara huanza, kwani ufito na gurudumu la kukunjia mshipi huharibika zaidi nyumbani kuliko ziwani.

Sababu ni majira yenyewe. Ziwa hufungwa wakati wa kiangazi, na hufunguliwa mvua zikiwa zimekwisha anza. Zana iliyowekwa ovyo hupata kwanza vumbi na joto la bati, kisha unyevu. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani husaga vyuma kama msasa, nao unyevu huleta kutu. Askari ajuaye kwamba bunduki husafishwa kabla ya kurudishwa ghalani hatashangazwa na jambo hili.

Ufito utenganishwe vipande vyake, ufutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ukaushwe kivulini. Pete zinazopitisha mshipi zisuguliwe ndani kwa pamba. Pamba ikinasa, pete hiyo ina ufa, nayo itaukata mshipi siku samaki mkubwa atakapovuta. Baada ya hapo ufito utiwe katika mfuko wa kitambaa na kulazwa juu ya vigingi vitatu ukutani, mbali na bati, maana ukiegemezwa miezi miwili huweza kupinda. Plastiki haifai, kwani huzuia unyevu usitoke. Na mifuko ya aina hiyo ilipigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008.

Gurudumu lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, wala lisitumbukizwe majini. Likikauka, litiwe tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani mahali panapozunguka. Breki yake ilegezwe, ili visahani vya ndani visikae vimebanwa muda wote. Mshipi wa nailoni hudhoofishwa na jua, basi uwekwe gizani. Mita chache za mwisho zipapaswe kwa vidole. Zikiwa na mikwaruzo, zikatwe.

Lililo zito kuliko yote ni ndoana na chubwi. Ndoana ina ncha ya pili inayoelekea nyuma, kwa hiyo huingia kwa urahisi na kutoka kwa kuchana nyama. Zote zifunguliwe kutoka kwenye mishipi, zikaushwe, zichomekwe katika kipande cha kizibo na kufungiwa ndani ya mkebe. Chubwi za risasi ni sumu kwa mtoto atiaye kila kitu kinywani. Nazo zifungiwe humo humo, na aliyezishika anawe mikono. Mkebe huo uwe na kufuli, na ukae juu kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kufika.

Ikitokea mtoto amechomwa, mama asiivute ndoana kwa nguvu. Mshipi ukatwe, ndoana iachwe ilipo, na mtoto apelekwe kituo cha afya, ambako pia ataulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa imeingia jichoni, isiguswe kabisa wala jicho lisikandamizwe. Apelekwe hospitali mara moja.

Kufuli hilo lina faida nyingine. Katikati ya Septemba, samaki wakiwa wamepanda bei sokoni, ufito ulio mlangoni humshawishi mwenyewe kwenda kujaribu bahati gizani. Polisi wa majini wamo ziwani kuzuia jambo hilo hilo, na aibu ya askari kukamatwa na wenzake haifutwi na kitoweo cha siku moja. Samaki anayevuliwa kabla ya kuzaa hupunguza chakula cha watoto wa askari huyo huyo mwaka unaofuata.

Ziwa litakapofunguliwa, kitakachobaki ni kuunga vipande, kukaza breki na kufunga ndoana mpya.