Sinema ya Magari na Vibanda vya Video



Katika vikundi vyetu vya Fizi na Baraka limezuka swali: je, tuwaombe wakubwa wavifunge vibanda vya video, ambamo watoto hukusanyika jioni kutazama filamu za bunduki? Kabla ya kujibu, tuangalie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyowapokea wengi wa ndugu zetu mwaka 1996, tuone jinsi sinema moja kubwa ilivyozaliwa na kufa.

Mwaka 1966 ilifunguliwa Dar es Salaam sinema ya magari, ambayo wenyeji waliijua kwa jina la Drive-In. Haikuwa na paa. Gari liliingia uwanjani, likageuzwa kuelekea pazia kubwa, kipaza sauti kidogo kikatundikwa dirishani, na familia ikatazama filamu ikiwa garini mwake. Mtindo huo ulianzia Camden, Marekani, mwaka 1933. Huko Dar es Salaam filamu za Kihindi zilipendwa mno, na Jumapili ikawa siku ya familia: watu walikuja na chakula, na jamaa wakajuliana hali.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya shida ya petroli, serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri. Baadaye kanda za video zikaingia majumbani, na mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata televisheni. Uwanja ukapoteza watu wake. Leo mahali pale pamesimama Ubalozi wa Marekani, uliojengwa baada ya ule wa awali kushambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998.

Tusiyalilie magari. Sinema ile ilimtaka mtazamaji awe kwanza na gari, au rafiki mwenye gari. Na kwa kuwa iliyategemea magari, petroli ilipoadimika nayo ikadhoofika. Kinachostahili kukumbukwa ni kile kilichowavuta watu: kucheka pamoja, kuogopa pamoja, na kurudi nyumbani wakijadili walichokiona.

Hapa kwetu Kivu palikuwa na njia nyingine. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Mapadri Weupe walitengeneza filamu mjini Bukavu, katika kazi iliyoitwa Africa Films, nao wamisionari wakazionyesha kwa watu hadharani. Hapo gari halikuhitajika. Kitambaa cheupe na mashine vilitosha. Hata hivyo, njia hiyo nayo ilikuwa na kasoro: wakoloni ndio walioamua Mwafrika aone nini. Mtazamaji alipewa mahali pa kukaa, lakini hakupewa nafasi ya kuchagua.

Basi, maoni yetu ni haya: kuvifunga vibanda hakutoshi. Mtoto aliyefukuzwa kibandani atatazama filamu ileile katika simu, peke yake, wala hatakuwapo wa kumuuliza ameelewa nini. Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936, alikwisha kuonya kwamba sinema ina nguvu kubwa ya kufundisha wema au ubaya. Kwetu sisi, ambao watoto wetu wameusikia mlio wa bunduki halisi, onyo hilo si maneno ya vitabuni tu. Mtoto anayemshangilia muuaji wa kwenye filamu anahitaji mtu wa kuketi naye na kumuuliza: je, huyo aliyeuawa hakuwa na mama?

Tunapendekeza kila kikundi kitenge alasiri moja kwa mwezi. Sinema ya uwanjani huhitaji giza, na kwetu si vyema kuwatembeza watoto usiku. Kwa hiyo tutumie ukumbi wa parokia, tuzibe madirisha kwa vitenge, tuanze saa tisa, na kila mtu awe nyumbani kabla ya jua kuzama. Mafuta ya jenereta yanunuliwe kwa mchango wa wote, na asiye na kitu aingie vilevile. Filamu ichaguliwe na vijana wenyewe pamoja na walezi wao. Ikiisha, watu wasitawanyike: nusu saa iwe ya mazungumzo, na wadogo wapewe nafasi ya kusema kwanza.

Wenye vibanda nao tuwaalike. Ni jirani zetu, na wanajua kuwakusanya watoto kuliko sisi. Tukiketi nao, huenda tukapata mengi kuliko tungeyapata kwa kufuli.